Sindano ya daktari na sindano ya uzi

Kiswahili hutumia neno moja, sindano, kukitaja chombo cha mshonaji na chombo cha daktari. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu wa isimu kwamba muktadha ndio unaolipa neno maana. Sikujua kwamba siku moja ningelisoma somo hilo upya katika mwili wangu mwenyewe.

Ninaandika makala haya nikiwa nyumbani Gotu, Kaunti ya Isiolo, wakati wa likizo ya chuo. Kando yangu ipo foronya ninayoidarizi maua, kazi niliyofundishwa shule ya msingi katika somo la sayansi kimu kisha nikaiacha. Kwa mpita njia, mimi ni mwanamke anayeshona tu. Lakini wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Figo zangu ziliposhindwa kufanya kazi, niliishi miaka mitatu kwa kusafishwa damu kwa mashine jijini Nairobi. Nilikwenda mara mbili kwa wiki, na kila mara nilikaa saa nne. Kwa mwaka mmoja hivyo ni vikao 104 na saa 416, mbali na foleni na uchovu wa siku inayofuata. Isitoshe, kiwango kinachopendekezwa aghalabu ni mara tatu kwa wiki. Mkono uliochomwa sindano zile nene hautakiwi kusogea, hivyo hata kufuma kitambaa ili kupitisha wakati hakukuwezekana. Maji ya kunywa nilipimiwa kwa kikombe. Aliyewahi kukaa Gotu wakati wa kiangazi anajua kiu ni nini, lakini kiu ya mgonjwa wa figo ni nyingine. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Baba alipofariki, nilisafiri hadi nyumbani, nikalala usiku mmoja tu, kisha nikaianza tena njia ya vumbi kurudi Isiolo na Nairobi. Siku ya mashine haingoji matanga. Jamaa walinisamehe, mimi bado sijajisamehe.

Aliyenitoa katika kifungo hicho ni ndugu yangu mdogo, mfugaji wa papa hapa, aliyenipa figo yake moja. Kabla ya upasuaji, wako waliomwonya kwamba angebaki nusu mtu. Leo anachunga mifugo yake kama zamani, na hupimwa afya mara kwa mara. Wala jambo hili si geni duniani. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanywa Boston, Marekani, mwezi Desemba 1954, pacha mmoja alipompa mwenziwe figo.

Nilipotoka hospitalini nilinunua uzi na kitambaa. Dawa zilinitetemesha vidole, na kulitunga tundu la sindano kulinichukua asubuhi nzima. Nililia uzi ulipopita. Hakuna aliyekuwa akinisubiri, na hapakuwa na mashine kesho yake. Nilikuwa na asubuhi nyingine ya kushona nikitaka.

Nisije nikampotosha msomaji: sijapona kwa maana ya kuisahau hospitali. Nitameza dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo hii asubuhi na jioni maadamu ingali inafanya kazi. Sinywi maziwa yasiyochemshwa, jambo ambalo katika nyumba ya wafugaji linahitaji maelezo marefu kwa mashangazi. Lakini sasa naamrishwa kunywa maji kwa wingi, na sijapata kuamrishwa jambo nilitendalo kwa furaha zaidi.

Hoja yangu basi ni hii. Katika nchi yetu tumezoea kumhesabu mgonjwa wa figo kwa vikao: mashine ngapi zimenunuliwa, vikao vingapi vimelipiwa. Hesabu hizo ni za lazima, kwani bila mashine nisingekuwa hai kuandika haya. Hata hivyo, kuwa hai ni mwanzo tu wa matibabu. Tuulize pia: je, mgonjwa amerudi darasani, malishoni, jikoni, kwenye matanga ya wazazi wake?

Mimi nilikuwa na mshahara na nyumba isiyo mbali na mashine. Je, jirani yangu wa Gotu asiye na hivyo? Atauza mbuzi wangapi kwa nauli ya wiki mbili? Na mto ukifurika, barabara ikakatika, damu yake itasubiri?

Serikali haina budi kufanya mambo matatu. Kwanza, zahanati za vijijini zipime shinikizo la damu na sukari bila kungoja mtu augue, kwa kuwa maradhi hayo mawili ndiyo yanayoharibu figo za wengi. Pili, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, iuhesabu upandikizaji pamoja na dawa za maisha yote kuwa tiba moja. Kumpandikiza mtu figo kisha kumwacha akose dawa ni kumjengea nyumba na kumnyima paa. Tatu, mtoaji arudishiwe nauli yake na siku alizopoteza kazini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza biashara ya viungo, na ni haki ikataze. Lakini kumfidia mfugaji aliyeacha mifugo yake ili amwokoe dada yake si kumnunua.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tuzungumze juu ya kutoa figo mapema, nyumbani, kabla hofu na uvumi havijatutangulia.

Waborana hapa kwetu husalimiana kwa kuulizana amani: amani ya watu, ya watoto, ya mifugo. Katika miaka ya mashine niliijibu salamu hiyo kwa mazoea tu. Jana jioni mama mmoja alipita akanikuta na foronya yangu, akaniuliza kama kuna amani. Nikamjibu kwamba ipo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuwa nikimridhisha tu.