Kizio cha Nazi Katika Nchi ya Baridi



Wapenzi wasomaji, juma lililopita tulipokea suali kutoka kwa bi mkubwa mmoja wa hapa Mombasa ambaye bintiye ameolewa Uingereza. Binti humpelekea picha za ndege wanaokula katika ua wa nyumba yake, na hivi karibuni alimwambia kuwa hununua karanga na mbegu kwa ajili yao. Mama amekasirika. Anatuuliza: "Sheikh, hapa tuna jamaa zetu wanalala bila chakula, naye anawanunulia ndege karanga. Je, hiyo si israfu?"

Suali hili tungelijibu kwa maneno machache, lau sisi wenyewe tusingekuwa tumewahi kuteleza katika jambo hilo hilo.

Miaka michache iliyopita tulikwenda Leicester kumzuru binti yetu, mwishoni mwa Disemba. Aliyezoea kipupwe cha hapa kwetu, ambapo mtu hujitanda shuka na kusema leo kuna baridi, hawezi kuikisia baridi ya kule. Nyasi huganda zikavunjika chini ya kiatu. Jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuchwa. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kama abiria wa feri ya Likoni. Ukichelewa kidogo tu, imekupita.

Asubuhi moja tuliona kupitia dirishani videge vinne vitano vimejivimbisha manyoya juu ya ukuta, kimya. Roho ilituuma. Tukakumbuka yale aliyoyafundisha Mtume (s.a.w.), kwamba anachokula ndege katika mti alioupanda Muislamu huandikwa sadaka. Tukachukua sinia la pilau iliyobaki usiku, tukaimwaga yote juu ya nyasi. Siku ya pili tukamwaga tena, na mkate juu yake. Tulirudi ndani tumeridhika na nafsi zetu.

Siku ya tatu jirani alibisha mlango. Ni bi kizee wa Kiingereza aishiye peke yake nyumba ya pili. Alizungumza na binti yetu kwa adabu kubwa, nasi tulikuwa nyuma ya pazia tunasikia kila neno: panya wameanza kupita chini ya ua unaotenganisha nyumba zao mbili, na chakula kile si cha ndege. Mkononi alikuwa na mfuko wa mbegu za alizeti, ametuletea.

Tulitoka nyuma ya pazia, tukamwomba radhi, kisha tukaomba atufundishe. Aliyotueleza siku ile, na tuliyoyasoma baadaye, ndiyo tunayomwandikia bi mkubwa na kila mwenye aila katika nchi za baridi.

Kidege kimojawapo kilichokuwa ukutani, kile chenye utosi wa buluu na kifua cha manjano, uzani wake ni gramu 11 hivi, usiozidi vijiko vitatu vya chai vya sukari. Usiku wa Disemba una saa 16. Muda wote huo kidege hukaa gizani bila kula, na joto la mwili wake hulinunua kwa mafuta aliyoyaweka mchana. Usiku wa baridi kali huweza kumpunguzia sehemu moja katika kumi ya uzani wake. Asubuhi ana saa nane tu za kuirudisha, na wadudu wamejificha, na ardhi imeganda. Siku moja ya kukosa yatosha kumuua.

Kwa hivyo chakula chake kiwe na mafuta mengi: mbegu za alizeti zilizomenywa, na karanga zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Karanga zitiwe ndani ya mrija wa wavu wa waya, uning'inizwe mtini, ndege adonoe vipande vidogo. Tena zinunuliwe kwa muuzaji anayehakikisha kuwa zimepimwa sumu ya ukungu, ile aflatoksini ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 hapa kwetu Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa sababu ya mahindi yaliyoingia kuvu. Sumu hiyo humuua ndege pia. Ama pilau yetu, ilikuwa na chumvi ambayo mwili wa ndege mdogo hauihimili, na samli ambayo ikishika manyoya huyaharibu, yakaacha kuzuia maji na baridi. Tulidhani tunamvisha, kumbe tunamvua.

Kina mama wa Pwani watafurahi kusikia habari ya nazi. Nazi mbichi ikipasuliwa, ukaning'iniza kizio chake mtini pamoja na nyama yake, ndege wadogo huking'ang'ania kwa kucha na kudonoa hadi kibaki kifuu kitupu. Sharti kisafishwe maji yake matamu kwanza, kisije kikaota ukungu. Lakini nazi kavu iliyokunwa, ile ya pakiti, isitolewe abadani, kwa kuwa huvimba ndani ya tumbo la ndege. Binti yetu alikuwa nayo kabatini, na laiti jirani asingetuonya, siku ya nne ingekuwa zamu yake. Maziwa nayo ndege hawezi kuyasaga. Kinachomfaa ni maji safi katika sahani pana, yabadilishwe kila yakiganda.

Usafi ndio mlango ambao wengi huuacha wazi. Yuko ndege mmoja wa kijani wa bustani za Uingereza ambaye tangu mwaka 2005 amepatwa na maradhi ya koo. Hushindwa kumeza, akatema chakula chenye mate yake pale pale wanapokula wenzake, na wenzake wakaokota. Idadi yake imeanguka vibaya hata mwaka 2021 akaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Mahali pa kulia paoshwe kila juma, makombo yafagiliwe, na akionekana ndege mgonjwa chakula kiondolewe kwa muda. Mkusanyiko wa kheri usioangaliwa huzaa msiba. Wenye kupika sufuria za harusi wanalijua hilo.

Jirani yetu alitutajia pia kwamba shirika kubwa la kuhifadhi ndege nchini mwao lilianza mwaka 1889, nyumbani kwa mwanamke mmoja wa Didsbury, Manchester, jina lake Emily Williamson. Zama zile wanawake wa Ulaya walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya, na ndege waliuawa kwa maelfu kwa ajili hiyo. Yeye na wenzake waliahidiana kutoyavaa. Leo, kila mwisho wa Januari, watu wa shirika hilo huwaomba raia wakae saa moja kuhesabu ndege wa bustani zao, na hesabu hiyo ilianzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya watoto.

Wako ndege wa kaskazini wasioingojea baridi. Huja kwetu wakati wa kaskazi: mbayuwayu, na wale wa miguu mirefu wanaojaa Hori ya Mida karibu na Watamu na mdomo wa Mto Sabaki karibu na Malindi. Tope letu ndilo sinia lao, wala hatuwadai. Wanaolishwa bustanini kule ni wale ambao hawakuondoka.

Mjukuu wetu, mwenye miaka saba, alituuliza jioni moja: "Babu, si ulisema Mwenyezi Mungu ndiye anayewalisha ndege?" Juma lile tulikuwa tumemsomesha habari ya ndege watokao asubuhi na njaa, wakarudi jioni wameshiba. Tukamwambia atazame: ndege yule hakubaki kiotani akingoja, alitoka, na karanga hazikutembea zenyewe hadi mtini. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na kesho tukisahau?" Hapo hatukuwa na jibu jepesi, maana siku za barafu ndege hutumia nguvu zake chache kufika alipozoea kupata, na akikuta patupu, sehemu ya mchana wake mfupi imepotea. Tangu siku ile kazi hiyo akapewa yeye, kabla ya kwenda skuli.

Turudi kwa bi mkubwa. Israfu ni ile pilau yetu, chakula kizuri kilichomwagwa bila elimu kikawanenepesha panya. Jamaa ndio wa kuanzwa, hilo halina mjadala, na ndiyo sababu tulimpigia simu kumuuliza kama binti humpelekea matumizi. Akasema, "Humleta kila mwezi, Sheikh, siwezi kusema uwongo." Basi fedha za karanga kidogo tusimwandame nazo. Mwanamke kijana aliye mbali na kwao, anayekaa ndani saa 16 za giza, akimpelekea mamake picha ya ndege huenda anatafuta la kuzungumza. Tulimwomba bi mkubwa amuulize binti majina ya ndege hao.

Ama jirani wa Leicester, majira haya amelazwa hospitalini, alianguka akavunjika nyonga. Kabla ya kuchukuliwa alimkabidhi binti yetu ufunguo wa mlango wa nyuma. Kila asubuhi mama na mtoto hujaza mirija ya nyumba zote mbili, na jioni humpelekea habari ya waliokuja kula.