Sinema ya Mtawa

Mwaka 1958 watu wa sinema walifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakapiga sehemu ya The Nun's Story. Sisi wa Wagenia tukiitazama, macho hutafuta mto wetu kwanza. Si vibaya, lakini mjue pia aliyeiongoza. Fred Zinnemann alikuwa Myahudi wa Austria aliyehamia Marekani. Wazazi wake walibaki Ulaya wakauawa na Wanazi, naye akapata habari hiyo vita vilipokwisha.

Katika sinema, Sista Luke, muuguzi, amerudi Ubelgiji Wajerumani wanapoivamia mwaka 1940. Baba yake, daktari, anauawa. Kila siku mtawa huyu hutamka msamaha katika sala, na moyoni haupati. Mwisho anavua vazi la utawa, anatoka mlangoni peke yake. Zinnemann alikataa muziki hapo, usije ukamsifu wala kumlaumu.

Wako wanaoona haifai kuonyeshwa wanafunzi. Mimi naona wakubwa waione, tena pamoja na padri. Mjini mwetu wako waliofiwa katika Vita vya Siku Sita, Juni 2000, nao husali Baba Yetu kila Dominika.