Misitu ipo huku pia

Ndugu mwandishi, kuhusu uhaba wa ajira nakuunga mkono, ila hapo ulipouliza kijana wa Garissa akasomee misitu ya wapi, hapana! Mimi ni wa huku na shahada yangu ni ya misitu. Darasani ilikuwa misonobari na mikaratusi ya nyanda za juu tu, ilhali nyumbani mti wa mathenge, ulioletwa skimu ya umwagiliaji ya Bura miaka ya 1980 kuzuia jangwa, umeziba malisho na kuozesha meno ya mbuzi wetu. Nani atautafiti kama si sisi? Na nyinyi wachangiaji mnaosema huku ni mchanga mtupu, Msitu wa Boni hamjausikia? Ubani na manemane mnadhani vyatoka wapi? Wanafunzi waletwe wafanyie mazoezi kando ya Mto Tana, wazee wa huku wawaonyeshe miti.