Entebbe Isifungwe



Nimesikia kwamba katika mdahalo wa muhula uliopita wengi wenu walikubali kuwa bustani ya wanyama ya Entebbe ifungwe, kwa kuwa ati ni gereza. Mimi, mwanafunzi wenu wa zamani, sikubaliani nanyi, ingawa najua mlisema hivyo kwa huruma.

Bustani ile ilianza mwaka 1952, nayo ilikuwa mahali pa kupokea wanyama yatima na waliojeruhiwa. Katika miaka ya 1960 ikageuzwa ya maonyesho, hata dubu na chui milia wakaletwa, wanyama ambao nchi yetu haina. Hapo mngesema gereza, ningenyamaza. Lakini tangu 1994 kazi yake ni elimu na kutunza wanyama wa kwetu. Kasuku aliyenyang'anywa mlanguzi, au mtoto wa sokwe ambaye mama yake ameuawa na wawindaji, mkifunga lango mtampeleka wapi? Mwituni hana wa kumfundisha. Kweli, sokwe wengine walihamishiwa kisiwa cha Ngamba mwaka 1998, lakini kisiwa nacho hakina nafasi isiyo na mwisho.

Ubaya ninaoujua mimi ni wetu sisi wageni. Mwaka 2016, nikiwa Kidato cha Pili, tulipelekwa huko kwa basi. Tulipita mbio mnyama kwa mnyama kama makarani wanaohesabu magunia. Tukamkuta Zakayo, yule sokwe mzee aliyefika Entebbe mwaka 1976, ameketi ametupa mgongo. Wenzangu wakampigia kelele ageuke. Nami, kwa kutaka sifa, nikamrushia kipande cha muwa nilichokwisha kutafuna, kikampata begani. Akageuka polepole, akanitazama. Akakiokota, akakinusa, akakiweka chini. Wenzangu walicheka mpaka tulipofika kwenye basi, mimi sikuweza.

Zakayo alikufa Aprili 2018, akiwa na miaka 54. Sikurudi kumwona.

Basi namwomba Bwana Mkuu: safari ijayo wasiende wanafunzi mia kwa siku moja. Waende ishirini, wakae saa nzima mbele ya mnyama mmoja, kimya, bila muwa mfukoni. Na wa kwanza wawe hao mabingwa wa mdahalo. Nauli yao nitailipa mimi.