Ubishi wa Gia Ufukweni Dunga

Nilikwenda Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, kwa nia ya kula ngege aliyetoka ziwani saa hiyo. Ngege nilimla, lakini alikuja na ugomvi.

Mwenyeji wangu ni mzee wa Kaloleni, dereva wa malori aliyestaafu. Tulipofika ufukweni tulikuta magari mawili yameegeshwa karibu na mitumbwi: Subaru Impreza ya gia za mkono na Toyota Mark X ya otomatiki. Yote mawili ni ya vijana, na wenyewe huyaita magari ya spoti. Mwenye Impreza ni mjukuu wa mwenyeji wangu, naye alikuwa ameazimia kuiuza apate otomatiki kama ya mwenzake.

“Babu, dunia imekwenda,” alisema kijana. “Hata Ferrari wameacha klachi.”

“Imekwenda wapi, nawe ungali hapa Dunga?”

Nikatakiwa niamue.

Kwa hakika kijana hakusema uongo. Mwaka 1989 Nigel Mansell alishinda mashindano ya Brazil kwa Ferrari iliyobadilishwa gia kwa vibawa viwili nyuma ya usukani, mkono usiuache usukani hata mara moja. Mwaka 1997 vibawa hivyo vikatiwa katika Ferrari F355 ya kuendeshwa barabarani, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 kiwanda hicho kilikuwa hakiuzi tena gari lenye klachi ya mguu. Otomatiki ya zamani ilidharauliwa, tena kwa haki, maana nguvu ya injini ilipitia katika mafuta yanayozunguka, na nyingine ikapotelea humo humo. Za leo za spoti, nyingi zina klachi mbili: moja imeshika gia ya sasa, ya pili imekwisha shika inayofuata na inangoja. Hakuna mguu wa mwanadamu utakaowahi hapo. Kwa upande wa kasi, basi, kesi imekwisha, na babu ameshindwa.

Lakini mbona ubishi haukwisha? Mwaka 2013 Porsche walitoa 911 GT3 isiyo na gia za mkono kabisa. Wateja wakanung'unika, nao ni watu wenye fedha ya kununua lolote. Mwaka 2016 ikatoka 911 R ya gia za mkono tupu, magari 991 tu, yakagombaniwa. Mwaka uliofuata GT3 yenyewe ikarudishiwa klachi kwa atakaye. Watu hao walijua wananunua gari linalochelewa kidogo. Walichotaka ni kuendesha, si kuendeshwa.

Na tusitazame Ulaya peke yake. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambayo si mbali na Kisumu, alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumiwa na wengine, akarudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Impreza nayo ilishinda mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae. Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, magari makubwa yalikuja Naivasha na kibawa usukanini. Mwaka 2022 sheria mpya, kwa kupunguza gharama, zikakiondoa kibawa na kuurudisha mtarimbo wa gia, wa kuvutwa kwa mkono. Mzee wangu alipolisikia hilo alicheka mpaka akaweka chini tonge la ugali.

Mimi nilijifunza Mombasa kwa Peugeot 504 ya gia za usukanini, na sitaki kuidanganya nafsi yangu: katika foleni ya Makupa saa kumi na moja jioni, klachi ni adhabu ya goti. Dada yangu asingefika Malindi kwa mkono wake mwenyewe lau si otomatiki. Haki ya watu kama hao haina mjadala.

Khofu yangu ni kwa kijana ambaye hakujua lolote jingine. Leseni zetu siku hizi zina daraja la otomatiki peke yake. Mtu huyo huteremka mlima kutoka Kakamega kuingia Kisumu, mguu juu ya breki toka juu hadi chini, mpaka breki zikanuka. Otomatiki nayo ina gia ndogo ya kuzuia gari mteremkoni, lakini ni wangapi waliowahi kuigusa? Aliyelelewa na klachi huisikia injini, na mkono humwendea gia kabla hajafikiri.

Pana jambo jingine tena. Hatuingizi gari lililopita miaka minane, na yanayoshuka bandarini Kilindini kutoka Japani ni otomatiki kwa wingi. Nikamwambia kijana: ukiiuza hii, ya kuirudisha utaitafuta kwa taa. Hakunijibu.

Mwenzake wa Mark X ndiye aliyeinuka, akaomba aijaribu Impreza. Ilimzimikia mara mbili mbele ya wachuuzi wa samaki, na kina mama wale hawakumsitiri kwa kicheko. Mara ya tatu ikaondoka. Alikwenda nayo njia ya mjini, akakawia, na mwenye gari akasimama njiani akiisikiliza injini, akimhesabia gia kwa sauti ndogo.