Taja bei yako bila kuomba msamaha

Nilipoacha kazi ya ofisini Upper Hill nianze kutunza mbwa wa watu, shida haikuwa mbwa. Ilikuwa kutaja bei. Mteja akiuliza, "Ni ngapi?", najibu, "Wewe toa tu chochote." Miaka tisa mshahara ulikuwa unaingia wenyewe kila mwisho wa mwezi, sikuwa nimezoea kudai.

Desemba ndiyo ilinifunza. Nairobi ikienda ushago, mbwa wanabaki. Mteja mmoja aliniambia nimwekee nafasi ya siku kumi. Nikakataa wengine. Usiku wa kuamkia safari, akaghairi. Sikuwa nimemwomba hata shilingi.

Siku hizi bei naitaja mara moja, nusu inalipwa mapema, na inaingia kwa Till ya biashara, si kwa namba yangu ya kawaida. Hapo naona mapato yote, natoa pesa ya chakula cha mbwa, ya SHA na ya akiba, kisha najilipa.

Watu husema ujiamini kwanza, ndio uanze biashara. Mimi naona ni kinyume: panga malipo yako vizuri, kujiamini kutafuata. Na mteja anayekataa kulipa nusu? Mwache aende. Huyo angekusumbua tu.