ADABU ZA NYUMBANI: Bakhshishi si mshahara

Neno bakhshishi lilitufikia kutoka lugha ya Kiajemi, na asili yake ni kutoa kwa hiari. Maana hiyo yafaa ikumbukwe, kwani wako watu wanaoitoa bakhshishi kama watoao kodi, na wako wengine wanaoitumia kufichia deni.

Desturi za mataifa hazifanani. Huko Japani mtumishi wa mkahawa hatazamii kitu juu ya bei. Mgeni akiacha fedha mezani, yamkini atafuatwa nje arudishiwe, ikidhaniwa kuwa amezisahau. Ufaransa malipo ya huduma yamo tayari ndani ya bei iliyoandikwa, na mteja aliyeridhika huacha sarafu chache tu. Marekani ni kinyume: mlaji hutarajiwa kuongeza kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya chakula.

Kwa nini iwe hivyo Marekani? Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, kampuni ya Pullman iliwaajiri watu weusi wengi, miongoni mwao waliokuwa watumwa, wawahudumie abiria katika mabehewa ya kulala. Iliwalipa kidogo, na kilichosalia wakakitafute kwa abiria. Wafanyakazi hao waliunda chama chao mwaka 1925, wakiongozwa na A. Philip Randolph, na mwaka 1937 wakapata mkataba na kampuni. Hata hivyo desturi yenyewe haikufa. Tangu mwaka 1991 sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mtumishi apokeaye bakhshishi dola 2.13 kwa saa. Bakhshishi zisipofikisha kima cha chini cha mshahara, mwajiri hupaswa kujazia. Majimbo kadhaa, California likiwamo, yameikataa njia hiyo na kudai mshahara kamili.

Funzo lililomo latuhusu sisi wenye nyumba. Mara ngapi tumesikia mama wa nyumbani akisema, "Msichana wangu simlipi sana, lakini nampa nguo na chakula"? Kanga iliyochakaa hailipi karo ya mdogo wake, wala wali uliobaki haumnunulii dawa mzazi wake kijijini. Mshahara ni haki; bakhshishi ni hisani. Haki ikilipwa kwa hisani, mtumishi hulazimika kushukuru kwa kile alichokitolea jasho, na siku mwajiri anaponuna hukosa vyote viwili.

Basi, kwa ufupi, yafaa tuyazingatie haya:

Mtumishi wa nyumbani alipwe mshahara mliopatana, kwa tarehe mliyopatana. Zawadi ya sikukuu ije juu yake, isikatwe ndani yake.

Hamali wa sokoni apatanwe naye kabla hajainua mzigo. Si ungwana kunyamaza, kisha kumtupia sarafu mlangoni.

Hotelini, tazama kwanza katika hesabu kama malipo ya huduma yamekwisha kuongezwa. Kama unatoa, toa kwa mkono wa kulia, bila kuhesabu kwa sauti mbele ya watu. Mkumbuke na mpishi, ambaye hukumwona. Na mwenye hoteli asiingize mkono wake humo: nchini Uingereza, tangu Oktoba 2024, sheria inamtaka mwajiri awafikishie wafanyakazi bakhshishi yote.

Karani wa ofisi ya serikali au muuguzi wa zamu usimpe fedha ili akuhudumie. Hiyo hata ikiitwa chai ni hongo, na mwenye kuumia ni yule maskini aliye nyuma yako katika mstari.

Mwisho, asiye na cha kutoa asione haya. Neno "ahsante", likitamkwa kwa kumtazama mtu usoni, halimpunguzii mtoaji kitu, nalo humwonyesha mtumishi kuwa kazi yake imeonekana.